Moto wa kambi ufukweni njia ya Igombe: pazuri, ila kuni za usiku wazirekebishe

Kwa wale wanaouliza kila wikiendi Mwanza hii tukalale wapi nje tuwashe moto tuchome samaki, kuna sehemu nimeipenda na naomba niielezee vizuri, maana watu wengi wanaandika tu "pazuri sana karibuni" halafu ukifika unakuta viti vya plastiki na spika mbili basi. Hii kambi iko ziwani kabisa, ukishapita eapoti unafuata barabara ya Igombe kama unaenda Kayenze halafu unakunja kushoto kushuka ufukweni. Jina sitaliweka kwa sababu kuna vitu nitavisema hapa ambavyo mwenyewe anatakiwa avirekebishe na sina nia ya kumharibia biashara, anajitahidi sana yule dada.

Nataka niongelee zaidi moto wao. Mahema wanayo, zipu zinafunga, magodoro membamba ila masafi, vyoo safi, maji ya kuoga ni ya baridi, yanatosha hayo. Moto ndio uliotupeleka pale, mimi na ndugu zangu na watoto, na moto ndio kitu ambacho sehemu nyingi za huku ziwani wanakifanya hovyo kabisa. Wanakuuzia "kempu faya" kwenye tangazo, picha nzuri, halafu jioni anakuja kijana amebeba kuni mbichi na kidumu cha petroli anamwagia anarusha njiti anaondoka, mnabaki na mwali mkubwa wa dakika tano na baada ya hapo ni moshi mpaka mnalala. Petroli yenyewe ni hatari kuliko watu wanavyofikiri, mvuke wake ni mzito kuliko hewa unatambaa chini, anayewasha akiwa amesimama karibu moto unamfuata mguuni kabla hata njiti haijafika kwenye kuni. Nimeona mtu akiungua nyusi kwa staili hiyo sehemu nyingine, na alikuwa mfanyakazi wa palepale.

Hapa ni tofauti na tofauti yenyewe ni mzee mmoja ambaye kila mtu pale anamwita Babu. Alikuwa mvuvi wa dagaa miaka mingi, sasa hivi kazi yake ni moto tu. Ukilipia huduma ya moto, elfu thelathini kwa kundi lisilozidi watu kumi, unapata Babu mpaka saa sita usiku, mzigo mmoja wa kuni, magogo ya kukalia, wavu wa kuchomea na ndoo mbili za maji ambazo zinakaa pale pale pembeni ya moto muda wote na hairuhusiwi mtu kuzitumia kunawia. Watoto walijaribu kunawa wakaambiwa kwa upole kabisa, "hapana wajukuu, hayo maji ni ya kuzimia moto, ya kunawa yako kule."

Sasa ngoja niseme anavyofanya maana hapa ndipo hela yangu ilipokwenda na siijutii.

Kwanza ni mawe. Mwanza mawe si shida, mji wenyewe ndio huo umekaa juu ya mawe, kwa hiyo mtu wa kawaida akitaka kuzungushia moto anaenda pale maji yanapogonga anaokota yale mawe laini mazuri ya duara anapanga. Babu hayagusi hayo. Mawe yake yote ameyatoa juu huko kwenye kilima, makavu, mengi yana weusi upande mmoja kwa sababu yameshakaa motoni mara nyingi. Mwanangu wa kiume akamletea jiwe la majini akidhani anasaidia, Babu akalipokea akamshukuru akaliweka mbali, kisha akamwelezea kwamba jiwe lililokaa majini linakuwa na maji ndani ya nyufa zake, likipata moto yale maji yanageuka mvuke na mvuke ukikosa njia jiwe linapasuka na vipande vinaruka kama risasi. Hiyo ni kweli tupu na ni kitu ambacho kila mwenye biashara ya moto kwenye huu mwambao alitakiwa akijue, kwa sababu watu wanakaa na watoto wadogo mita moja kutoka kwenye yale mawe.

Halafu sehemu yenyewe ya moto. Iko juu ya mchanga mkavu, mbali na mahema, mbali na nyasi, na hakuna tawi la mti juu yake. Alifagia majani yote yaliyoanguka kuzunguka pale, akafagia tena.

Kuni anazichambua kabla hajawasha chochote, na hapa nilisogea kabisa niangalie. Fungu la kwanza ni maranda anayochukua kwa mafundi seremala na magunzi ya mahindi yaliyokauka. Fungu la pili vijiti vyembamba kama penseli. La tatu unene wa kidole gumba, la nne kama kifundo cha mkono, mwisho ndio magogo. Kila kijiti anakivunja kwa mkono, kikilia "ka!" kinaingia kwenye fungu, kikijikunja bila kulia anakitupa nyuma. Magogo anayagonganisha mawili mawili anasikiliza, gogo kavu linatoa sauti kali inayolia na lile bichi linatoa sauti nzito iliyokufa, na kwenye ncha zake gogo kavu utaona limepasukapasuka. Alivyokuwa anafanya hivyo hata wale wajomba zangu wanaojifanya wanajua kila kitu walinyamaza.

Kulikuwa na tawi moja la mnyaa limejichanganya kwenye mzigo, nadhani limekatwa kwenye uzio wa mtu huko. Babu alilitoa kwa kijiti hakulishika kwa mkono. Wanaoishi vijijini huku Usukumani wanaijua minyaa vizuri maana maboma mengi yamezungushiwa hiyo, ule utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni unaweza kulazwa, na moshi wake pia unawasha macho na koo. Sasa fikiria kundi la watu wa mjini wanaokotaokota matawi wenyewe gizani wanatupia motoni. Kwa hiyo ile ya "kuni mtaokota wenyewe ni bure" ambayo kambi nyingine wanaitangaza kama ofa, mimi siitaki.

Kupanga kwenyewe. Aliweka magogo mawili sambamba yameacha nafasi katikati kama upana wa kiganja, mdomo wa ile nafasi ukaelekea upepo unakotoka. Katikati maranda na magunzi, juu yake vijiti vya penseli vimelala kukatisha kutoka gogo hadi gogo, si vingi, vimeachiana nafasi, halafu vile vya kidole gumba vimekatisha kwenda upande mwingine. Ukiinama unaona mwanga upande wa pili. Njiti moja ya kiberiti, akaiingiza upande wa upepo ili upepo wenyewe usukume moto kwenda ndani ya kuni. Na baada ya hapo hakufanya kitu. Hakupuliza, hakuongeza, alikaa tu kwenye gogo lake anaangalia. Shemeji yangu mmoja akasimama anataka kutupia gogo kubwa, Babu akamzuia, "subiri baba, huu sasa hivi unataka hewa, kuni utaomba wenyewe." Kweli baada ya muda vijiti vikashika vyote, vikaanguka katikati vikawa makaa, na yale magogo mawili ya pembeni yakaanza kushika ubavu wa ndani. Ndipo akaanza kulisha, kidogo kidogo. Hakuna mafuta ya taa, hakuna kipande cha tairi, hakuna mfuko wa nailoni. Hiyo mifuko imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 lakini vifungashio vya plastiki bado ni vingi na watu wanawashia moto kila siku, halafu wanachomea samaki juu ya moto huohuo wanakula na watoto, jamani tuache hii kitu.

Kitu kilichonifanya niamini kwamba huyu mzee anajua kazi ni upepo. Tulipofika jioni upepo ulikuwa unatoka ziwani kuja nchi kavu, unapuliza vizuri, na kwa akili ya kawaida ungeweka magogo ya kukalia upande wa ziwani ili moshi uende mbali na nyie. Babu akayapanga pembeni, kulia na kushoto mwa moto, nusu huku nusu kule, upande wa ziwani na upande wa nchi kavu akauacha wazi. Tukamuuliza mbona unatubana, si tungekaa wote upande wa ziwani. Akasema kaeni tu, mkihamishwa na moshi mje mniambie. Jua likazama, upepo ukatulia kabisa ikawa kimya moshi unapanda wima, na usiku ulivyoendelea upepo ukageuka ukaanza kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Ndivyo ilivyo huku, mchana ardhi inapata joto haraka kuliko maji basi hewa inavutwa kutoka ziwani, usiku ardhi inapoa haraka kuliko maji na upepo unarudi ulikotoka, na wavuvi wa matanga wamekuwa wakiutumia huo huo, unawapeleka usiku na kuwarudisha mchana. Tungekaa kule tulikotaka sisi tungekula moshi kuanzia saa tatu usiku. Tulivyokaa alivyotupanga yeye moshi ulikuja kwanza huku ukaenda kule na sisi tumekaa palepale hakuna aliyefuta machozi. Wenye kambi za ufukweni wote mngekuwa na mtu anayewaza hivi!

Upande wa chakula. Samaki wa kambini ni bei, sato wa wastani wanauza elfu kumi na tano na kumi na nane kwa saizi ya juu, na sio kwamba ni mbaya ila ukiweza pitia mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, asubuhi ununue mwenyewe uje naye kwenye barafu, hawakatazi na hawachaji chochote. Ila mwache Babu akusaidie kuchoma. Anachofanya ni kuvuta makaa pembeni kwa koleo, anatengeneza kitanda cha makaa mekundu yenye majivu kidogo juu, anaweka wavu hapo, na moto wa mwali unabaki upande wake unaendelea kuzalisha makaa mengine. Sato amechanjwa mistari ubavuni, chumvi, ndimu, pilipili mbuzi iliyopondwa, basi. Ngozi inakauka inakuwa kama karatasi na nyama ndani bado ina maji yake. Mkono wake anauweka juu ya wavu kupima joto, akiweza kuvumilia sekunde nne tano ndio anaweka samaki, akishindwa kabla ya hapo anatawanya makaa.

Kuna kundi la jirani walikuja na sangara wakamweka moja kwa moja juu ya mwali, mafuta yakadondoka, moto ukaruka juu, nje mweusi masizi ndani mbichi. Sangara ana mafuta mengi sana, huyo funga kwenye foili minofu minene umweke pembeni ya makaa taratibu. Na hayo mafuta yake yana historia huku, tangu alipoletwa ziwani miaka ya 1950 na kuja kuzagaa, watu walikuta hakauki juani vizuri kama dagaa au furu, wale samaki wadogo wa ziwani, inabidi akaushwe kwa moshi, na moshi maana yake kuni, miti mingi ya mwambao na visiwani imeenda hivyo. Ndiyo maana nilimuuliza mwenye kambi kuni zake zinatoka wapi, sikutaka nikae kwenye starehe ambayo kesho inaacha kilima kipara. Akanionyesha, ananunua mikaratusi na milusina ya watu waliopanda wenyewe huko Kayenze, inapopogolewa au kuvunwa, anasema msituni hanunui na mkaa hauzi. Nilifurahi na hilo jibu lilikuwa na maelezo kamili, hakubabaika.

Viazi vitamu tulifukia kwenye majivu ya pembeni, vinataka muda, viweke mapema kabla hata ya samaki na uvigeuze. Mama mkwe alikuja na michembe yake, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, kwenye kikapu akaomba maji ya moto na karanga, kwa watu wa huku hakuna haja ya kueleza, na kwa wageni nawaambia mkikuta mtu ana michembe ya karanga kwenye moto wa jioni msikatae.

Baada ya kula ndipo Babu akaulizwa na watoto kuhusu zile taa za ziwani. Usiku ule ulikuwa wa giza, mwezi hamna, na ziwani kulikuwa na taa nyingi mpaka mtoto wa dada akauliza huo ni mji gani. Ni wavuvi wa dagaa, wanavua usiku wa giza kwa sababu dagaa wanafuata mwanga wa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu na wengi wanapumzika. Akawaelezea karabai zilivyokuwa, kupampu, kununua mafuta ya taa, na sasa hivi zimekuja taa za sola. Halafu akawaambia kuhusu shikome, moto wa jioni kwenye boma la Kisukuma, pale jirani na zizi la ng'ombe, wazee na vijana wa kiume wanakaa wanakula pamoja na mtoto anafundishwa pale ukoo wake, ng'ombe, vita, adabu. Wanaotaka kujua zaidi mambo hayo Makumbusho ya Wasukuma yapo Bujora pale Kisesa, si mbali na mjini, wapelekeni watoto. Lakini kusikia kwa mtu aliyekaa kwenye moto wa baba yake, huku na wewe umekaa kwenye moto, ni kitu kingine, na watoto wetu ambao nyumbani hawaachi simu walikuwa wanamtegea vitendawili mpaka wengine wakalala palepale kwenye mkeka. Hii haimo kwenye bei, anafanya kwa kupenda, kwa hiyo ukienda mpe chochote na mwamkie vizuri.

Haya, sasa ya kurekebisha.

La kwanza na kubwa ni kuni za usiku. Mzigo mmoja unaolipia unafika kama saa nne hivi kama mnachoma na samaki. Mkitaka kuongeza wanauza mzigo elfu nane, bei sio tatizo. Tatizo ni kwamba ule wa kwanza Babu anauandaa mwenyewe mchana, anauanika juani na kuuchambua, lakini wa kuongeza unatolewa na vijana kule nyuma ambako kuni zimerundikwa chini kwenye udongo bila paa, na siku moja kabla ilikuwa imenyesha. Tuliweka magogo yale motoni yakaanza kulia "sssss", povu linatoka kwenye ncha, moshi mweupe mzito, joto likashuka mpaka tukavaa masweta. Gogo bichi au lililonyeshewa moto wote unaenda kukausha maji kwanza kabla haujatupa joto lolote sisi tuliokaa. Babu alijitahidi, akayasimamisha kuzunguka moto yakauke kwanza kabla ya kuyaingiza, yakaja kushika baadaye, lakini hapo nusu ya watu wameshaenda kulala. Elfu nane nzima kwa kuni za namna hiyo haikubaliki.

La pili ni kuzima na hili sio la starehe ni la usalama. Babu anaondoka saa sita, anayebaki ni mlinzi kijana. Saa saba hivi tuliposema tumemaliza, kijana akaja na koleo akaanza kufukia moto kwa mchanga. Dada yangu, ambaye ni nesi, akamsimamisha palepale. Mchanga unaziba tu mwanga, chini makaa yanabaki na joto masaa na masaa, na asubuhi hakuna anayeona kwamba pana moto, unaona mchanga mzuri msafi. Watoto wanaamka wanakimbia ziwani miguu peku. Dada anasema hospitali wanapokea watoto walioungua nyayo kwa namna hiyo hiyo na ngozi ya mtoto haihitaji hata sekunde mbili. Kwa hiyo tukazima wenyewe kwa zile ndoo mbili, unamwaga kidogo kidogo sio kwa pupa maana mvuke unakurudia usoni, unakoroga na kijiti, unageuza magogo upande wa chini, unamwaga tena, mpaka haulii, halafu unasogeza mgongo wa mkono karibu na majivu, ukisikia joto bado haujazima. Ndoo mbili hazikutosha ikabidi tuongeze ya tatu.

Na hiyo ya tatu msiende kuchota kwa kuingia majini. Ziwa letu lina kichocho, vimelea vyake vinatokana na konokono wanaokaa kwenye maji ya pembeni yenye majani, kukanyaga tu na miguu mitupu kunatosha. Pale kuna jiwe kubwa limeingia ziwani, simama juu yake ushushe ndoo kwa kamba, kamba ipo. Usiku nenda na tochi na mlinzi, viboko wanatoka majini kula majani gizani na hutaki kukutana naye yeye akiwa nchi kavu na wewe umemzibia njia ya kurudi.

Asubuhi tulimwambia mwenye kambi yote mawili, la kuni na la mchanga. Alisikiliza, hakujitetea, akamwita yule mlinzi mbele yetu kwa heshima tu wakaelewana kwamba kuanzia sasa ni maji, na Babu atamfundisha. Hilo limenipa moyo. La kuni akasema ataangalia.

La tatu dogo, muziki. Kambi haina sheria ya spika. Kundi la jirani waliwasha lao mpaka saa tano, na moto na spika haviendi pamoja, Babu alikuwa anapandisha sauti mzee wa watu. Wangeweka tu kwamba ikifika saa tatu spika zinazimwa, anayetaka disko Mwanza mjini zipo.

Mbu wapo, hili sio kosa la kambi. Watu wanasema moshi unafukuza mbu, unapunguza kidogo pale karibu ila usiutegemee kuzuia malaria, jipake dawa, vaa mikono mirefu, na hema lina neti hakikisha imefungwa kabla hujawasha taa ndani. Kuna siku pia wale wadudu wa ziwani wanapanda kwa mawingu wanafuata mwanga, hao hawaumi ila wanaingia kwenye chakula, siku hiyo kaeni mbali na balbu muegemee moto tu.

Nguo za kukaa karibu na moto ziwe za pamba au khanga na vitenge, zile jezi na masweta ya nailoni cheche ikidondoka zinatoboka na kuyeyukia kwenye ngozi. Viatu vya kufunika vidole kwa watoto wote wanaozunguka moto. Hayo kambi hawakwambii wakati wa kubuku, wangekwambia.

Kuhusu lini uende, mimi ningesema Juni mpaka Septemba, kiangazi, kuni kavu na anga safi, baridi ya usiku inaufanya moto uwe na kazi. Ukitaka kuona taa za wavuvi na nyota buku siku za giza, ukiwa na wazee au watoto wadogo wanaotembea usiku kwenda chooni buku mwezi ukiwa mkubwa, njia ya chooni haina taa za kutosha. Malipo M-Pesa wanapokea na risiti wanatoa. Daladala za Igombe zipo lakini kutoka barabarani kushuka ufukweni ni bodaboda, mkiwa wengi na mizigo kodini gari. Na kama mmezoea kwenda Saanane au mnapanga Rubondo msichanganye, zile ni hifadhi za taifa chini ya TANAPA, moto huwashi pale unapojisikia, mnauliza kwanza sehemu gani imeruhusiwa.

Nyota nawapa nne kati ya tano, na hizo nne zote ni za Babu na yule dada kwa kukubali kusikia. Ukipiga simu kubuku sema kabisa "nataka Babu ndiye awashe na nataka mizigo yote miwili iandaliwe mchana", mimi mara ijayo ndivyo nitakavyosema na nitalipia yote kabla. Na dada kama unasoma hapa, kile kibanda cha kuni hakihitaji hela nyingi, mabati machache na mapaleti ya mbao kuinua kuni zisiguse udongo, pembeni uache wazi upepo upite. Mvua za vuli zinaanza Oktoba, tafadhali kiezeke kabla ya hapo.